Pesa kwa Jina la Mke, Korosho kwa Jina la Mume: Kisa cha Kaya Moja ya Uwanda wa Makonde

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya wawezeshaji wa vikundi, maafisa maendeleo ya jamii na wajumbe wa kamati za vijiji wanaofanya kazi na walengwa wa mpango wa kunusuru kaya maskini. Mhusika mkuu tunamwita Bi S. Ameridhia kisa chake kisimuliwe. Jina la kijiji, umri, idadi ya miti na mengine yanayoweza kumtambulisha yameondolewa au kubadilishwa kidogo. Mfuatano wa mambo umebaki kama ulivyokuwa, na maneno ya vikaoni yamenukuliwa kama wahusika walivyoyakumbuka.

Usuli wa mpango

Mpango huu unasimamiwa na TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa Tanzania. Ulijaribiwa kwanza Bagamoyo, Kibaha na Chamwino mwaka 2010, kisha kuanzia mwaka 2013 ukapanuliwa hadi kufikia zaidi ya kaya milioni moja Bara na Zanzibar. Utaratibu wa kuingia kila mwanakijiji anaujua: mkutano wa kijiji unataja kaya zilizo hoi, dodoso linajazwa, majina yanarudi mkutanoni kuthibitishwa. Malipo hutoka kila baada ya miezi miwili, na kila awamu ya malipo walengwa huiita dirisha. Mpokeaji anayependekezwa ni mwanamke, kwa hoja kwamba yeye ndiye mlezi wa watoto na pesa ikipita mikononi mwake hufika jikoni.

Katika awamu ile ya kwanza kaya ilipata shilingi 10,000 kwa mwezi kama kiwango cha msingi, 4,000 ikiwa ina mtoto wa chini ya miaka 18, na nyingine 4,000 ikiwa ina mtoto wa chini ya miaka mitano anayepelekwa kliniki. Kila mwanafunzi wa shule ya msingi aliongezewa 2,000. Bi S. alikuwa na watoto watatu, wawili shuleni na mmoja wa kliniki. Hesabu yake ilikuwa shilingi 22,000 kwa mwezi, yaani 44,000 kila dirisha.

Usuli wa mahali

Msomaji asiyeijua Mtwara, mkoa wa kusini ulio na Uwanda wa Makonde, anahitaji kuelewa mambo mawili kabla hatujaingia kwenye kisa.

La kwanza ni korosho. Mwaka wa uwandani unagawanyika kwa mikorosho. Kuanzia Mei hadi Agosti ni kupalilia na kupuliza salfa ili ugonjwa wa ubwiri unga usiue maua. Oktoba hadi Desemba ni kuokota, kukausha na kupeleka ghalani kwa chama cha msingi cha ushirika, AMCOS, ambako korosho huuzwa mnadani kwa mfumo wa stakabadhi ghalani na mkulima hulipwa kwa jina lililoandikwa kwenye daftari la chama. Karibu kila kaya jina hilo ni la mume. Kabla ya hapo, miezi ile ya Julai na Agosti pesa inapokuwa imekauka, hupita wanunuzi wa kangomba. Humpa mkulima pesa kidogo ya chakula leo, korosho zingali maua, na msimu ukifika huja kuchukua magunia kwa bei ambayo ni sehemu ndogo tu ya bei ya mnada. Kangomba imepigwa marufuku miaka nenda rudi, lakini mwenye njaa hasubiri mnada.

La pili ni ukoo. Wamakonde wa uwandani kwa asili wanafuata ukoo wa mama. Desturi ya zamani mwanamume alihamia kwao mke, na mwenye sauti juu ya watoto na ardhi alikuwa mjomba. Uislamu, shule na sheria za nchi zimeyachanganya mambo hayo, na siku hizi baba wengi wanawarithisha watoto wao wenyewe. Hata hivyo mjomba hajaondoka. Ndoa ikitikisika ndiye anayeitwa. Kuhusu miti kuna kanuni ya mdomo ambayo wazee wanaikumbuka vizuri: ardhi ni ya ukoo, mkorosho ni wa aliyeupanda.

Kaya yenyewe

Mume wa Bi S. alikuwa na mikorosho kama hamsini, mingi aliipanda au kuirithi mwenyewe. Iliyobaki, kama ishirini, ilipandwa na marehemu mama yake Bi S. kwenye ardhi ya ukoo. Mume aliipalilia na kuipuliza yote pamoja, na yote iliuzwa kwa jina lake. Bi S. aliokota, alikausha, alichambua, na Desemba alipewa khanga na pesa ya sabuni. Hakuona ubaya wowote, maana hata mama yake aliishi hivyo.

Kaya iliingia mpangoni mwaka 2015. Ilikuwa hoi kweli. Miaka miwili mfululizo korosho karibu zote zilikwenda kangomba mwezi wa Agosti, na Januari hadi Machi walikula mlo mmoja.

Mambo yalivyokwenda

Madirisha ya kwanza yalikuwa ya mezani. Walengwa walikusanyika ofisi ya kijiji, jina likaitwa mbele ya watu, pesa ikahesabiwa mkononi. Bi S. anasema ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kusikia jina lake likiitwa lote, la kwake na la baba yake, na mtu akampa pesa. Alinunua unga wa muhogo, dagaa, madaftari na kuku watatu wa kienyeji. Kuanzia Januari 2016 michango ya lazima ya shule ilikuwa imeondolewa, hivyo sare na madaftari alivimudu. Nyumbani kukatulia. Ugomvi wa asubuhi, ule wa "niachie hela ya mboga", ukaisha.

Mwaka wa pili mambo yalibadilika bila mtu kutangaza. Mume aliacha kununua unga, kisha sabuni, kisha akaacha kulipia maji, jambo ambalo uwandani si dogo, kwa sababu mahali pengi maji hununuliwa kwa ndoo. Bi S. alipomkumbusha alijibiwa: "Si una zako za TASAF? Mimi mnataka nini tena?" Hakuwa na la kujibu, maana kweli alikuwa nazo.

Hapo kuna jambo ambalo hatukuliona mapema na ambalo ndilo kiini cha kisa hiki. Julai na Agosti 2016, kaya hii haikuuza hata kilo moja kangomba. Chakula kilikuwepo, kimetoka kwenye dirisha la Julai na kwenye mayai. Julai na Agosti 2017 ikawa hivyo tena, na mwaka huo salfa iligawiwa bure. Msimu wa 2017/18 bei mnadani ikapita shilingi 4,000 kwa kilo. Mume alipokea pesa ambayo hajawahi kuipokea tangu azaliwe. Pesa iliyozizuia korosho zile zisiende kangomba ilikuwa ile 44,000 ya kila dirisha, shilingi kwa shilingi, iliyokuwa ikiliwa na yeye pia. Januari 2018 alinunua pikipiki iliyotumika na kuoa mke wa pili, binti mdogo wa kijiji cha jirani.

Watu wa kusini hawatashangaa. Ndoa za msimu wa korosho zinajulikana, na talaka za mwezi wa tano pesa inapokwisha zinajulikana vilevile. Jambo la kupimwa hapa ni nani aliyelisha kaya wakati pesa hiyo ikikusanywa.

Bi S. alikuwa ameshajiunga na kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana kilichoanzishwa na walengwa wenyewe pamoja na majirani wasio walengwa. Hisa ilikuwa shilingi 500, walikutana kila wiki, kisanduku kilikuwa na kufuli tatu na funguo kwa wanawake watatu tofauti. Katika mafunzo ya kikundi waliambiwa waandike matumizi. Bi S. hajui kuandika vizuri, akampa kazi hiyo binti yake wa darasa la sita. Kwenye daftari la mistari la shule, binti aliandika kila kilichoingia nyumbani: unga, dagaa, chumvi, mafuta ya taa, ndoo za maji, dawa ya mdogo wake, sare ya dada. Upande wa kulia aliandika pesa ilikotoka: dirisha, kuku, mkopo wa kikundi, kibarua cha mama. Daftari lilianza katikati ya mwaka 2016 likaendelea bila kukatika hadi 2018.

Aprili 2018, mume alimwambia Bi S. akope kwenye kikundi apate pesa ya mafuta ya mashine ya kupulizia, maana pesa ya msimu ilikuwa imekwisha. Hapo ndipo alipokwenda kwa mwenyekiti wa kikundi, mama mtu mzima anayeheshimika, akalia, na jambo likatufikia.

Maamuzi na sababu zake

Swali la kwanza lilikuwa: lipelekwe wapi?

Njia ya sheria ilikuwepo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamtaka mume amtunze mke au wake zake kwa malazi, mavazi na chakula kadiri ya uwezo wake. Sheria hiyohiyo inampa mke nafasi ya kuweka pingamizi mume anapotaka kuongeza mke, akieleza kwamba kwa kipato cha mume ndoa mpya itamletea dhiki yeye na watoto. Bi S. hakuwahi kuisikia nafasi hiyo, na alipoisikia ilikuwa imepita, kwani nikaha ilishasomwa. Kwenda mahakama ya mwanzo kudai matunzo kulimaanisha nauli, siku za kazi, na kwa maoni yake kulimaanisha talaka. "Nikienda huko narudi mjane wa mtu aliye hai," alisema. Aliamua asiende. Tulimweleza haki yake yote, tukamwachia uamuzi.

Njia ya ofisi ya kijiji aliikataa kwa sababu nyingine, nayo ilikuwa na mantiki. Aliogopa kuenguliwa. Akisimama mbele ya watu kusema mume wangu amepata pesa ya korosho, amenunua pikipiki na ameoa, yupo atakayesema kaya hii si maskini tena. Mjumbe mmoja wa kamati alimshauri faraghani avumilie, asije akaharibu na kidogo alichonacho. Yaani mwanamke alinyamazishwa na hofu ya kupoteza pesa iliyokusudiwa kumpa sauti. Tumelikuta jambo hili kwa walengwa wengine pia, na tunaomba kila mjumbe wa kamati alifikirie.

Kilichobaki ni ukoo. Mwenyekiti wa kikundi ndiye aliyependekeza aitwe mjomba. Sisi wawezeshaji tulisita, tukihofia kwamba kikao cha wazee kingemalizika kwa "mwanamke rudi nyumbani". Mwenyekiti alikuwa na hoja nzito kuliko hofu yetu: miti ishirini ya marehemu iko kwenye ardhi ya ukoo, na mjomba ana haki ya kuiulizia hata kama ndoa ingekuwa na amani. Mazungumzo yangeanza na miti, ndoa ingefuata. Tukakubaliana hivyo.

Uamuzi wa tatu ulikuwa wa Bi S. peke yake, nao ni kuomba daftari lisomwe.

Kikao kilifanyika nyumbani kwa mjomba, wakiwepo wazee watano, mume na ndugu yake, Bi S. na mwenyekiti wa kikundi. Binti alisimama akasoma. Alisoma mwezi kwa mwezi, kwa sauti ya darasani, bila kuruka. Baada ya miezi kadhaa mjomba alimsimamisha, akamgeukia mume: "Mkwe, katika daftari hili mstari wako uko wapi?"

Mume alikaa kimya kidogo, kisha akasema: "Mjomba, mimi nilijua serikali inawalisha."

Naamini alikuwa anasema kweli. Hakuwa mlevi, hakuwahi kumpiga mkewe, na wala hakuficha kitu. Kwa ufahamu wake, siku jina la mkewe lilipoitwa ofisi ya kijiji, wajibu wa chakula ulihama kutoka kwake kwenda serikalini.

Matokeo

Kikao kiliamua mambo matatu. Miti ya marehemu irudi mikononi mwa Bi S., aihudumie na kuiuza kwa jina lake. Mume atoe magunia mawili ya chakula kila baada ya mavuno. Pesa ya dirisha isihesabiwe kuwa matunzo ya mume.

La kwanza lilitekelezwa. Bi S. alijiunga na AMCOS kwa jina lake mwaka huohuo. Chama kilitaka uthibitisho wa shamba, mjomba akasaini pamoja na mwenyekiti wa kitongoji. Alikopa kwenye kikundi pesa ya kupulizia. Msimu wake wa kwanza ukaangukia 2018/19, mwaka ambao wanunuzi walitoa bei ndogo minadani, minada ikasimama, na mwezi Novemba serikali ikatangaza kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likasimamia usombaji. Malipo yalichelewa kwa sababu ya uhakiki. Mkopo wake wa kikundi ukapitiliza muda, na wanachama walivutana kweli kama watoze faini. Waliamua kusogeza mbele tarehe ya kugawana, kwa sababu karibu wote walikuwa wanasubiri pesa hiyohiyo. Alipolipwa, alilipa mkopo na kuezeka chumba kimoja bati.

La pili lilitekelezwa mwaka mmoja. Baada ya hapo mume alileta alichopata, na mara nyingi hakikuwa kitu.

La tatu lilikuwa maneno tu, ila maneno yaliyosemwa mbele ya wazee. Bi S. anasema lilimsaidia kuliko magunia, kwa sababu siku alipoambiwa tena "si una zako" alijibu: "Hizo mjomba alishasema si zako."

Baadaye malipo yalipohamia kwenye simu palitokea shida mpya. Bi S. alikuwa bado hajapata namba ya kitambulisho cha taifa, NIDA, na laini aliyokuwa akitumia ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mume. Madirisha mawili yaliingia kwenye simu ya mume. La kwanza alipewa pungufu, la pili hakupewa kabisa. Katibu wa kikundi alifuatana naye hadi akapata namba na laini yake, na namba ya siri akaijua yeye na binti yake tu.

Kaya yake ilihitimu, yaani ilitoka mpangoni kwa kuonekana imeimarika, katika tathmini iliyofuata, pamoja na nyingine kadhaa za kijiji hicho. Ameyumba, lakini hajarudi alikokuwa. Ana miti yake, kuku, na hisa. Ndoa ipo, mume analala zaidi kwa mke mdogo. Binti mkubwa alifika kidato cha nne.

Mke mdogo hayumo katika matokeo haya mazuri. Aliolewa akiwa hana mti, hana kikundi, ndugu zake wako mbali, na hakuwahi kuorodheshwa popote, kwa sababu kwenye dodoso mume alishahesabiwa kwenye kaya ya Bi S. Korosho zilizobaki kwa mume hazitoshi. Mwaka 2020 yeye na mtoto wake mchanga walikuwa na hali ile aliyokuwa nayo Bi S. mwaka 2014. Kisa kinachoishia kwenye furaha ya mwanamke mmoja na kumwacha mwenzake nje ya hesabu hakijasimuliwa chote.

Uchambuzi

Tuanze na amani ya mwaka wa kwanza, maana ndiyo inayowadanganya wengi. Kaskazini mwa Ekwado, nchi ya Amerika Kusini, katika programu ya Shirika la Mpango wa Chakula Duniani ya mwaka 2011 iliyotoa pesa, vocha au chakula kwa kaya maskini, watafiti walikuta ukatili wa waume umepungua. Sababu mojawapo iliyotolewa ni kupungua kwa ugomvi wa matumizi ya kila siku. Hilo tuliliona pia kwa Bi S. Lakini ugomvi unaweza kuisha kwa njia mbili tofauti: mume na mke wamekubaliana, au mke ameacha kuomba. Kwa nje zote zinafanana. Anayepita na dodoso akauliza "je, mmegombana mwezi huu?" atapata jibu lilelile. Swali lenye maana zaidi ni hili: nani alinunua unga mwaka juzi, na nani ananunua sasa? Kaya ikipokea 44,000 na mume akapunguza 44,000, jikoni hakujaongezeka kitu, na mzigo umebadili bega.

Mpango unaihesabu kaya kama mfuko mmoja. Uwandani kaya ni mifuko miwili yenye majira tofauti. Mfuko wa mke unaingia kidogo kidogo mwaka mzima, nao ndio unaoliwa. Mfuko wa mume unaingia mara moja, Novemba hadi Januari, nao ndio unaonunua vitu vinavyobaki: pikipiki, bati, shamba, mke. Pesa ya mpango ikimiminwa yote kwenye mfuko wa kwanza, faida yake hujitokeza kwenye mfuko wa pili, tena kwa jina la mtu mwingine. Ndiyo maana nasema kuweka jina la mwanamke kwenye malipo ni nusu ya kazi. Nusu nyingine iko ghalani, kwenye daftari la AMCOS.

Haki yake katika pesa ile ya korosho si jambo la huruma. Tangu mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Bi S. alikuwa na zaidi ya kazi za nyumbani. Alikuwa na miti ya mama yake, mikono yake wakati wa kuokota, na pesa ya dirisha iliyozuia kangomba. Ni michango mitatu ambayo haikuwa na mahali popote pa kuandikwa isipokuwa kwenye daftari la mtoto.

Daftari hilo ndilo lililofanya kazi kubwa kuliko yote, na halikuwa sehemu ya mpango wowote wa kudai haki. Lilikuwa zoezi la kikundi. Nguvu yake ilitokana na kwamba liliandikwa kabla ya ugomvi, na mtu asiye na upande, kila siku, pamoja na vitu vidogo ambavyo hakuna anayeweza kuvitunga kama chumvi na ndoo ya maji. Wazee wa kikao wamezoea maneno ya mke dhidi ya maneno ya mume, na katika mizani hiyo mume hushinda. Safari hii hapakuwa na maneno ya mke. Alisimama mtoto wao wote wawili, akasoma. Hata hivyo nawaomba wawezeshaji wasigeuze jambo hili kuwa mbinu ya kuwasimamisha watoto mbele ya wazee. Binti huyu alilia usiku ule, akidhani amemshitaki baba yake. Daftari lisomwe na katibu wa kikundi.

Kikundi kilimpa Bi S. kitu ambacho pesa ya mkononi haikumpa, yaani sababu ya kukataa. Mwanamke mwenye shilingi 20,000 kwenye pindo la khanga hawezi kumwambia mumewe hana. Mwenye shilingi 20,000 kwenye kisanduku cha kufuli tatu anasema kweli: ziko kwa wenzangu, na siku ya mkutano bado. Ila kikundi nacho kina mpaka wake. Mume aliposema "nenda ukakope", kikundi kingeweza kugeuka mrija wa kumpelekea mume mtaji huku deni likibaki kwa mke. Kilichokinga ni mwenyekiti aliyeuliza mkopo ni wa nini kabla ya kufungua kisanduku. Vikundi vingi haviulizi, kwa heshima, na heshima hiyo inawaumiza wanawake.

Kuhusu mjomba, wasomaji wa mikoa mingine wasichukue njia hii kama ilivyo. Ilifaulu kwa sababu ya ukoo wa mama, ardhi ya ukoo, na mjomba aliyekuwa hai na mwenye busara. Pasipo na haya matatu, kikao cha ndugu kinaweza kuwa cha ndugu wa mume. Na hata hapa, uamuzi uliogusa ardhi ulitekelezwa, ule uliotegemea hiari ya mume ukafifia. Matunzo ya watoto yangepaswa kuandikishwa kwa afisa ustawi wa jamii siku ileile, kwa amani, wakati mume bado ameona aibu. Hilo halikufanyika na watoto wamelipia.

Masharti ya mpango nayo yanastahili neno. Kliniki, shule, vikao vya walengwa, vyote vilimwita Bi S. Mume hakuitwa popote, hivyo alichojua kuhusu mpango ni kile alichokisia. Mafunzo kwa walengwa yalieleza vizuri pesa ni ya nini. Hakuna aliyemweleza mume kwamba pesa hii haimwondolei wajibu wake. "Nilijua serikali inawalisha" ni jibu la mtu ambaye hakuwahi kuambiwa vinginevyo. Kikao kimoja cha waume wa walengwa, kabla ya dirisha la kwanza, mwenyekiti wa kijiji na imamu wakiwepo, hakihitaji bajeti. Imamu hasa, kwa kuwa katika Uislamu matunzo ya mke ni wajibu wa mume hata kama mke ana mali yake, na mume huyu angelisikia neno hilo msikitini kwa uzito mwingine.

Malipo ya simu yameondoa foleni na hatari ya kubeba pesa taslimu, na sitaki yarudi ya mezani. Lakini ya mezani yalikuwa na shahidi: kijiji kizima kilisikia jina na kiasi. Ya simu hayana shahidi ila mwenye laini. Kabla mlengwa hajahamishiwa kwenye simu, kamati iulize mambo mawili: laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha nani, na namba ya siri inajulikana na nani. Kwa mwanamke asiyejua kusoma, swali la pili ni zito kuliko la kwanza, kwani mara nyingi anayemsomea ujumbe ndiye mwenye pesa.

Limebaki suala la kaya za mitara, ambalo kijiji hiki bado kinalijadili. Kamati ikimwandikisha mke mdogo kama kaya ya peke yake, wapo wanaosema mume anazawadiwa kwa kuoa zaidi ya uwezo wake. Ikimwacha, mtoto mchanga ndiye anayeadhibiwa. Msimamo wangu ni kwamba kaya ni chungu: panapopikwa chungu chake, pahesabiwe. Mume aitwe ajibu kwa njia ya matunzo, na mtoto asisubiri baba yake ajibu ndipo aandikwe. Katika kikundi alichomo Bi S. wameshaanza kwa upande wao. Mwanachama mpya anaulizwa, kabla ya kuuziwa hisa ya kwanza, mikorosho anayoihudumia imeandikwa kwa jina la nani kwenye daftari la chama cha msingi, na ikiwa ipo ya upande wa mama yake anasindikizwa kuiandikisha kabla ya mwezi wa tano, salfa haijaanza kupulizwa.